Namna ya kuchambua picha za mwaka mzima

Kila ikifika wiki ya mwisho ya Desemba nafunga studio siku tatu. Iko Ngamiani, Tanga, na kazi inayonilisha ni ileile ya wapiga picha wengi wa mji huu: pasipoti, mahafali, harusi. Siku hizo tatu anayetaka pasipoti namwelekeza kwa jirani. Mimi nakaa na picha za safari, zile ambazo hakuna aliyeniagiza wala kunilipa, nazichambua mpaka zibaki ishirini na nne. Mwaka huu wa 2024 nilianza na 9,312. Vijana kadhaa wanaoanza kazi wameniuliza nafanyaje, kwa hiyo naeleza hapa kwa urefu, pamoja na pale nilipokosea.

Neno kuchambua nimelileta kutoka Pemba. Karafuu ikishachumwa, jioni watu wa nyumba wanaizunguka wanatenganisha karafuu yenyewe na makonyo, yaani vile vijiti vyake, kwa mkono, kishada kimoja baada ya kingine. Makonyo hayatupwi. Yanauzwa, yanapelekwa kiwandani Wawi, Chake Chake, kukamuliwa mafuta. Nilipoketi kwenye jamvi kule Wete mwezi wa tisa, vidole vinanuka karafuu mpaka kulala, nilijua nimepata jina la kazi yangu ya Desemba. Unatenganisha, hutupi.

Kusanya zote, usifute hata moja

Kabla hujachagua, leta picha zote mahali pamoja: kadi zote, simu, hata zile ulizomrushia mtu WhatsApp ukasahau. Hizo za WhatsApp tafuta ya asili, maana iliyotumwa kule imeshabanwa na haitafaa kusafishwa, yaani kuchapwa kwenye karatasi, kwa ukubwa. Kila safari iwe na jalada lake, na jina lianze na mwaka, mwezi, siku, ndipo mahali: 2024-08-17 Kivinje. Ukiandika hivyo kompyuta inazipanga yenyewe kwa mfuatano bila wewe kuhangaika.

Sasa la kadi. Tarehe 10 Aprili, siku ya Idd, niliamka alfajiri nikapiga watoto wa mtaani kwetu wakienda kuswali na wakirudi. Kanzu mpya, kofia bado zina mikunjo ya dukani, na binti mdogo mmoja aliyepakwa hina mpaka kwenye viwiko, amenyanyua mikono juu isiguse gauni. Jumamosi yake nilikuwa na harusi. Ijumaa usiku nikaifomati kadi ile nikiamini nimeshanakili, kumbe nilinakili kadi nyingine. Nikaenda nayo harusini nikaijaza. Picha za Idd zilizobaki ni saba, za simu.

Nilichojifunza ni vitu viwili. Cha kwanza, ukifuta kadi kwa bahati mbaya, itoe kwenye kamera saa hiyohiyo, usipige hata picha moja zaidi. Picha zilizofutwa huwa bado zimo ndani mpaka nyingine ziandikwe juu yake, na zipo programu za kuzitoa. Mimi nilizifukia kwa picha za harusi. Cha pili, sifomati kadi mpaka nimefungua picha zake kwa macho yangu katika diski mbili tofauti. Kadi iliyojaa naigeuza uso chini kwenye kijaluba chake, nabandika kipande cha plasta nyekundu. Plasta inatoka baada ya diski ya pili, si kabla.

Halafu angalia saa ya kamera. Betri yangu ilikata Kilwa, nilipoweka nyingine kamera ikarudi kwenye tarehe ya kiwandani, na picha za siku mbili zikajipanga mwaka 2015. Kama na yako imefanya hivyo, usibadilishe moja moja. Programu nyingi za kupanga picha zinakuruhusu kusogeza muda wa kundi zima kwa mpigo, alimradi ujue tofauti ni kiasi gani. Kwa hiyo siku hizi kila nikianza safari napiga picha ya kioo cha simu yangu kinachoonyesha saa. Picha hiyo moja inanipa tofauti kamili. Kumbuka pia kamera inahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Daftari langu linasema saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, kamera inasema 06:40. Ukichanganya hizo mbili utaandika maelezo ya uongo bila kukusudia.

Panga kwa pepo, si kwa miezi

Kompyuta itakupangia Januari, Februari, Machi. Mimi napanga upya kwa misimu ya pwani: kaskazi, masika, kusi, vuli. Mwanga wetu unakwenda na pepo na mvua. Wakati wa kaskazi jua ni kali, bahari ya buluu, vivuli vyeusi kama wino. Masika mawingu yanalainisha mwanga hata saa saba mchana, na uso wa mtu unapigika popote. Kusi bahari inachafuka, upepo unatikisa kila kitu, na kule Usambara ukungu unashuka mpaka mlangoni. Ukizipanga hivi utaona mwaka wako ulivyokuwa hasa, na utaona mapengo.

Pengo langu la mwaka huu ni masika. Nilikuwa niende Kilwa mwezi wa tano. Kimbunga Hidaya kikapita mwanzoni mwa mwezi huo, mvua ikakata barabara ya kusini, nikaahirisha hadi Agosti. Matokeo yake, picha zote za mwaka zenye mwanga laini ni za Mtae, Lushoto, mwezi wa sita, na hizo ni za ukungu. Sina mvua hata moja. Nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya.

Jambo la pili niliona baada ya kuzipanga tu. Picha zangu zote za wanawake wanaotafuta pweza mwambani zina mwanga uleule mbaya, jua la utosini, macho yamezama kwenye kivuli cha kilemba. Nilidhani ni uzembe wangu, kwamba nilichelewa kuamka. Si hivyo. Bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ambapo maji yanajaa na kupwa kupita kawaida, ndilo linalokausha mwamba vizuri, na bamvua pwani yetu maji yanakupwa kama saa nne asubuhi. Kazi yao iko saa nne kwa sababu bahari iko saa nne. Dawa yake ni hesabu ndogo: maji yanachelewa takriban dakika hamsini kila siku, kwa hiyo siku tatu kabla ya bamvua yanakupwa kama saa moja na nusu. Mwamba hautatoka wote, lakini wanawake wengi wanakuwa wameshaanza kushuka, na jua bado liko chini. Mwezi mpevu wa Agosti ulikuwa tarehe 19, mimi nikavuka kwenda Kilwa Kisiwani tarehe 20. Ningevuka tarehe 16 ningekuwa na picha nyingine kabisa. Mpiga picha wa pwani anunue jedwali la maji kabla hajanunua lenzi.

Mizunguko mitatu

Mzunguko wa kwanza fanya kwa haraka. Weka picha ndogondogo, nyingi kwenye kioo, na uweke nyota moja kwa kila inayokusimamisha. Usiifungue kubwa. Picha ikiwa ndogo unaona umbo lake: giza liko wapi, mwanga uko wapi, jicho linaelekea wapi. Ikiwa haina umbo katika udogo, ukubwa hautaisaidia. Pumzika kila baada ya nusu saa, maana macho yakichoka kila kitu kinakuwa kizuri. Mwaka huu mzunguko huu ulinishusha hadi picha 870.

Mzunguko wa pili fungua kubwa. Tazama fokasi kwenye macho, tazama pembezoni kama kuna mkono uliokatwa au ndoo ya plastiki iliyojipenyeza. Panapokuwa na picha kumi za tukio moja, anzia ya mwisho urudi nyuma. Mara nyingi uliacha kupiga kwa sababu ulihisi umeipata, na mkono wako ulijua kabla ya kichwa. Bakiza moja. Mbili zikishindana kweli, bakiza zote mpaka kesho.

Kisha lala.

Mzunguko wa tatu wengi hawaufanyi, nao ndio ninaoupenda kuliko yote: rudi kwenye zile ulizozikataa. Nitakupa mfano mmoja.

Kilwa Kivinje nilikaa asubuhi nzima na fundi aliyekuwa anakalafati mashua ufukweni, yaani anaziba mianya ya mbao zake maji yasipenye. Alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa chombo, kwenye kivuli chake. Anachukua uzi wa pamba, anausokota kidogo mapajani, anaupachika kwenye mwanya kati ya mbao mbili, anashika patasi butu kwa mkono wa kushoto, anashindilia kwa nyundo ya mti. Ko, ko, ko, halafu sauti inabadilika, inakuwa nzito, hapo anajua pamba imekaa anasogea inchi mbili mbele. Nikapiga picha 140. Nyingi kwa kasi ya 1/500 ya sekunde, nyundo imeganda hewani, kila tone la jasho linahesabika. Kumi na mbili zilitoka kwa 1/30, kwa sababu nilipoingia kivulini niligeuza gurudumu la kamera kisha nikasahau kulirudisha. Zile kali nikazipa nyota. Zile kumi na mbili nikazipita.

Katika mzunguko wa tatu nikazifungua moja moja. Kwenye ya saba mkono wa kulia umeyeyuka, umekuwa kama moshi wa kahawia, nyundo haionekani kabisa. Lakini mkono wa kushoto, patasi, na uzi mweupe wa pamba unaoning'inia vimetulia tuli, unaweza kuhesabu nyuzi. Ndivyo kazi ile ilivyo. Mkono mmoja unaruka, mwingine haupepesi. Zile kali, pamoja na usafi wake wote, zinaonyesha mtu aliyeshikilia nyundo juu kana kwamba ameombwa asimame hivyo. Picha ya saba ndiyo imeingia kwenye ishirini na nne zangu, na ingekuwa nimefuta makonyo yangu jioni ileile nisingekuwa nayo.

Picha uliyoihangaikia

Hapa ndipo mtu anajidanganya zaidi, kwa hiyo nikae kidogo.

Mtae kijiji kimejipanga juu ya ukingo wa mlima, chini unaona nyika ya Mkomazi inatandaa mpaka macho yanachoka. Nililala pale usiku tatu. Kila siku niliamka saa kumi alfajiri, baridi inauma mifupa, natembea na tochi mpaka kwenye mwamba, nakaa kusubiri ukungu ufunguke. Siku mbili haukufunguka. Ya tatu ukafunguka kwa dakika kama nne, nikapata picha yangu, nikalia kwa furaha. Nilikuja nayo Tanga nikiwa na hakika ndiyo picha ya mwaka.

Nikampa mama mkononi, sikusema kitu. Akaitazama, akasema, "Kuzuri," akaiweka chini, akachukua nyingine: ya mama muuza kabichi wa Soni aliyejifunika kanga mbili kwa baridi, mvuke wa chai unapanda usoni. Hiyo akakaa nayo. Akaniuliza yule mama ana watoto wangapi.

Picha ya mlimani niliipenda kwa sababu ya baridi, tochi na siku mbili za bure. Vyote hivyo mimi ninavyo kichwani, kwenye karatasi havimo. Kwa hiyo jaribio langu ni hilo: mpe mtu ambaye hakusafiri na wewe, funga mdomo, tazama macho yake yanakaa wapi na kwa muda gani. Usimuulize ipi nzuri. Ukimuuliza atakujibu kwa adabu. Atakachokuuliza yeye mwenyewe kuhusu picha ndicho kipimo.

Ili kufanya hivyo lazima usafishe nakala ndogo. Mimi nasafisha kama sitini, saizi ya posta kadi, natandaza jamvi sebuleni nazipanga chini. Zinakaa wiki nzima, watu wa nyumbani wanazipita. Baada ya siku tatu kuna picha ambazo hakuna anayezitazama tena, na nazitoa kimyakimya. Za Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, Unguja, mwezi wa saba, zilitoka karibu zote. Wanaume wanaopigana kwa magomba, vumbi, kibanda cha makuti kinachowaka moto: kila mwenye kamera aliyekuwepo pale anazo. Iliyobaki ni ya watoto wawili baada ya pambano, wameokota vipande vya magomba vilivyopondeka, wanapimana urefu wavyo kwa makini.

Waulize wenyewe waliomo

Mwezi wa kumi na mbili nilirudi Wete na bahasha. Septemba nilikuwa nimempiga bibi mmoja aliyenikaribisha uani kwake wakati wa kuchambua, picha nyingi sana, na moja ya uso wake niliipenda mno: mwanga wa kibatari upande mmoja, mikunjo ya macho, kanga ya rangi ya machungwa. Nilipoionyesha watu simuni waliisifu kwa siku kadhaa. Nilishaipa nafasi ya kwanza.

Nikamkuta ameketi barazani. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, umerudi?" Nikampangia picha sita juu ya jamvi. Akazitazama zote, akaipita ile ya uso kama mtu anayepita mlango wa jirani, akachukua ya tano. Hiyo niliipiga nikiwa nimesimama juu ya kiti: yeye yuko kwenye kona, mdogo, uso umeinama nusu hauonekani, na mbele yake jamvi zima la karafuu zilizoanza kugeuka rangi, zingine bado za kijani, zingine zimeshakuwa nyekundu kahawia, na mjukuu anazitandaza kwa kiganja.

"Hii ndiyo karafuu yangu," akasema. "Ile nyengine uso tu. Hapa mtu ataona tulifanya kazi."

Nilikaa kimya. Kweli, ile ya uso ingeweza kupigwa popote, kwa bibi yeyote mwenye mwanga mzuri. Hii ya jamvi ni ya uani kwake, mwaka wa mavuno yake, na ukijua karafuu unaweza hata kusema zimekaa juani siku ngapi. Nimebadilisha. Picha ya kwanza katika mpango wangu wa mwaka sasa ni ile ya tano.

Kwa hiyo ushauri wangu: kabla hujafunga hesabu, kama inawezekana, waonyeshe waliomo. Hata kwa simu. Na hapo ndipo pa kuomba ruhusa ya kutoka nayo hadharani, kama hukuomba mwanzo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na sura ya mtu ni taarifa yake. Lakini hata bila sheria, mtu aliyekukaribisha uani kwake anastahili kuulizwa. Mmoja wa Kivinje, si yule fundi, aliniambia hataki picha yake itoke, anaitaka yeye tu. Nimemsafishia yake, mimi nimeifungia.

Maelezo ya chini

Andika maelezo ya kila picha sasa hivi, wiki hii, ungali unakumbuka. Tarehe, mahali mpaka kijiji au mtaa, jina la mtu kama anavyopenda kuitwa ikiwa ameridhia, na anachofanya kwa neno la wenye kazi. Usiandike "fundi akitengeneza boti". Andika anakalafati. Usiandike "mwanamke na viungo". Andika anachambua karafuu. Neno sahihi ni nusu ya picha, na maneno haya yanapotea kimyakimya.

Nina uchungu na jambo hili. Unguja ilikuwa na studio za picha tangu karne ya 19. Akina Gomes na akina Coutinho walipiga watu wengi sana, na posta kadi zao zikasafiri dunia nzima. Leo ukizitazama unakutana na mwanamke amevaa vizuri, amesimama wima, ana macho yake na kiburi chake, na chini pameandikwa tu "mwanamke wa Kiswahili" kwa lugha ya wageni. Jina lake alikuwa nalo. Aliyempiga angeweza kumuuliza. Sasa hakuna wa kuulizwa.

Na kama umepiga mahali pa kale, andika unachokijua kwa uhakika tu. Chini ya picha yangu ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani nimeandika kwamba kuta ni za matumbawe na chokaa, kwamba msafiri wa zamani Ibn Battuta alifika mji huu mwaka 1331, na kwamba nilipiga saa kumi na moja jioni, popo wameanza kutoka kwenye kuba. Inatosha.

Rangi na karatasi

Kusahihisha mwanga ni halali. Kunyoosha upeo wa bahari uliolala upande ni halali, tena ni lazima. Kumfanya mtu mweupe si halali. Kazini kwangu maharusi wananiomba kila wiki, na programu za simu zinafanya bila hata kuombwa. Kwenye picha za mwaka sikubali. Ngozi nyeusi ikipigwa vizuri ina buluu, ina nyekundu, ina dhahabu ya jioni; ukiinyanyua mwanga kupita kiasi yote yanageuka kijivu. Ukiona uso uko gizani, nyanyua kivuli kidogo cha eneo hilo, acha weusi ubaki weusi, na linganisha na kiganja chako mwenyewe kando ya kioo.

Ukienda kusafisha, hesabu ni rahisi. Karatasi nzuri inataka nukta 300 kwa inchi. Picha ya nukta 6000 kwa 4000 inatoa inchi 20 kwa 13 bila kupoteza kitu. Picha ya WhatsApp yenye nukta 1600 kwa upande mrefu inaishia inchi tano. Safisha moja ya majaribio kwanza, itazame nje mchana, chini ya kivuli cha mwembe, siyo chini ya taa ya dukani. Kuna mahali nilisafisha ishirini na nne kwa mpigo bila jaribio, nyuso zote zikatoka na wekundu wa nyanya, na mashine ikakata juu ya vichwa kwa sababu uwiano wa karatasi haukulingana na wa picha. Mwambie anayesafisha aache ukingo mweupe, asijaze karatasi.

Kuhifadhi nitasema kwa kifupi: nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, moja ikae nje ya nyumba. Yangu ya nje iko kwa dada yangu Korogwe. Pwani yetu ina unyevu, lenzi zinaota ukungu ndani kama mkate, kwa hiyo diski, lenzi na kadi ziwekwe kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja kwenye viatu vipya. Vikishalowa, badilisha.

Kurudisha

Kazi ya mwisho ni bahasha. Kila aliyemo kwenye ishirini na nne, kama najua alipo, anapata nakala. Yule mama wa Soni alipata yake kupitia konda wa basi la Lushoto, na alinipigia simu kuniambia kanga aliyovaa siku ile ilikuwa ya mdogo wake, niandike hivyo. Nimeandika.

Kutuma kwa basi kuna ufundi wake. Kata kadibodi mbili kubwa kuliko picha kwa inchi moja kila upande, weka picha katikati, zungushia gundi ya karatasi kwenye kona nne. Usipitishe gundi juu ya picha. Tia kwenye mfuko wa nailoni kwanza, kwa ajili ya mvua na mizigo ya samaki, ndipo bahasha. Andika jina la mpokeaji, namba yake, kituo atakachochukulia, na nyuma andika jina lako. Chukua namba ya basi na ya konda, mtumie mpokeaji papo hapo, na umwambie mzigo umeshalipiwa asije akatozwa mara ya pili.

Ya fundi wa Kivinje iko mezani bado. Tanga hadi kule ni mabasi mawili, inabidi ibadilishwe Dar es Salaam, na sitaki ilale stendi. Jumatatu kuna jirani anakwenda Lindi, amekubali kuibeba mkononi. Nimemwekea nakala mbili: ile ya mkono ulioyeyuka, na moja ya zile kali, nyundo imeganda juu. Achague mwenyewe.